Walinzi wa Ubongo katika Ugonjwa wa Alzheimer

Tuseme bibi mmoja wa kijiji kilicho kando ya Mto Ruvu, ambaye kwa miaka mingi amekwenda shambani kwa njia ile ile, siku moja anapotea. Baadaye anarudia swali moja mara tano, na jina la mjukuu limemtoka. Majirani watasema ni uzee; wengine, kwa bahati mbaya, watanong'ona habari za uchawi. Huenda ni maradhi ya ubongo. Uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, mwaka 2009 na 2010 ulionyesha kuwa, kati ya wazee wenye umri wa miaka 70 na zaidi, 6 hivi katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa usahaulifu. Aina iliyoongoza ilikuwa ile ya Alzheimer.

Daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani aliueleza ugonjwa huu mwaka 1906, baada ya kuchunguza kwa hadubini ubongo wa mwanamke aliyefariki mwaka huo. Nje ya seli za neva aliona mabonge, ambayo leo twajua ni ya protini iitwayo beta-amiloidi. Ndani yake aliona nyuzi zilizosokotana, za protini iitwayo tau. Aliona pia kuwa seli zinazozizunguka neva zimebadilika. Jambo hili la tatu halikupewa uzito kwa miaka mingi, nalo ndilo somo letu.

Mwanafunzi aliyechomwa na mwiba anajua kuwa mahali pale huwa pekundu, hupata moto, huvimba na kuuma. Hiyo ni inflamesheni, kazi ya seli za ulinzi. Ubongo nao una walinzi wake, mikroglia, ambao Pío del Río-Hortega wa Hispania aliwaeleza mwaka 1919. Lakini yafaa ieleweke kuwa katika Alzheimer ubongo hauvimbi. Kinyume chake, husinyaa. Vita hivi ni vya kemikali, na mgonjwa hasikii maumivu yake.

Wakazi wa Kibaha wanaifahamu mitambo ya maji ya Ruvu Juu, Mlandizi. Mto huleta tope, na tope lisipoondolewa maji hayafai. Mikroglia ni kama vibarua wa kuzoa tope hilo: huyameza mabonge ya amiloidi. Lakini amiloidi haiishi kuja. Kazi ikiendelea miaka na miaka, vibarua hawa humwaga kemikali zenye kudhuru neva. Katika panya wa maabara wameonekana hata wakila sinapsi, yaani viungio vya neva. Ni kama sululu iliyokusudiwa tope kuangukia bomba.

Je, basi tuwazuie? Nchini Marekani wazee walipewa dawa za kupunguza inflamesheni, naproksen na selekoksibu, katika jaribio ambalo utoaji wa dawa ulisimamishwa Desemba 2004 kwa hofu ya madhara ya moyo. Dawa hizo hazikuwakinga na Alzheimer. Kisha, mwishoni mwa mwaka 2012, ilitangazwa kuwa watu wenye badiliko fulani la jeni iitwayo TREM2, ambayo katika ubongo hutumiwa na mikroglia, wamo katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu. Badiliko hilo huwadhoofisha walinzi. Kumbe ulegevu wao nao ni hatari, sawa na ukali wao.

Kwa hiyo mtu asimpe bibi vidonge vya maumivu kila siku akidhani anamkinga: vyaweza kumtia vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Ampeleke hospitali, kwani usahaulifu mwingine hutokana na upungufu wa vitamini B12 au wa homoni ya tezi ya shingo, na huo hutibika.