SOMO LA IJUMAA: ALIYEACHWA NAYE ANA HAKI YA KUPENDWA

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.



Hapa Kamituga tunao wengi, wanaume kwa wanawake, waliopita miaka arobaini na ndoa zao zimevunjika. Mmoja mume alifuata dhahabu, akahama shimo hadi shimo, mwisho akatuma talaka. Mwingine bibi alichoka na njaa akarudi kwao. Wakitaka kuoa au kuolewa tena watu wanacheka: "Mzee mzima, anatafuta nini tena?" Leo tuangalie dini inasema nini juu ya kicheko hicho.

1. MAPENZI HAYAKUWEKEWA UMRI

Katika Surat ar-Rum aya ya 21, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kwamba katika ishara zake ni kutuumbia wenzi ili tupate utulivu kwao, na ameweka kati yetu mapenzi na huruma. Hakutaja miaka ishirini wala hamsini. Katika Surat an-Nur aya ya 32 ametuamuru tuwaoze wasio na wenzi. Neno la Kiarabu lililotumika hapo linamkusanya mwanaume na mwanamke, ambaye hajaoa, aliyefiwa na aliyeachwa.

Na tazama nyumba ya Mtume (s.a.w.). Bi Khadija alikuwa amekwisha kuolewa kabla yake, na kwa riwaya iliyo mashuhuri alikuwa na miaka 40. Bi Zainab binti Jahsh alikuwa ameachwa na Zaid. Bi Ummu Salama alifiwa na mume baada ya jeraha la Uhud. Mtume alipomposa alitoa udhuru tatu: ana wivu, ana umri, ana watoto. Mtume akamjibu kwamba wivu atamwombea kwa Mungu auondoe, umri hata yeye umempata, na watoto wake ni watoto wake. Ndugu yangu unayeposa mama mwenye watoto, jibu lako ni hilo la tatu. Kama huliwezi, usibishe hodi.

2. WALII ASIWE UKUTA

Sahaba Maaqil bin Yasar alimwoza dada yake kwa mtu, yule mtu akamwacha mpaka eda ikaisha. Kisha akarudi kumposa. Maaqil akakasirika, akaapa hatamrudishia kamwe, na dada mwenyewe anamtaka. Ikateremka aya ya 232 ya Surat al-Baqara, inayokataza kuwazuia wanawake wasiolewe ikiwa wamekubaliana kwa wema. Maaqil aliposikia, aliacha hasira yake akamwoza. Kisa hiki kimo katika Bukhari.

Aya hii mimi nimeisomesha miaka mingi, na mimi mwenyewe nilikuwa ndani yake. Dada yangu mdogo aliachwa akiwa na miaka 43, akaja kukaa kwangu. Baba yetu amefariki, kwa hiyo walii ni mimi. Fundi cherehani mmoja, mtu wa swala, naye aliyeachana na bibi yake, alikuja mara tatu. Sikumwambia hapana. Nilimwambia "tutaona," mwaka ukapita. Siku moja akaniuliza kwa adabu: "Sheikh, aibu yangu ni nini?" Nikakosa la kumjibu. Nilipoichunguza nafsi yangu nikakuta mambo mawili: niliogopa watu watacheka, na nyumba yangu ilikuwa imezoea mikono ya dada yangu jikoni na shambani. Nilimzuia kwa faida yangu nikaiita heshima. Niliomba msamaha kwa Mungu na kwake, nikamwoza. Leo wanakula bugali na sombe yao pamoja, na kicheko cha watu kilikwisha kabla ya mwezi.

Jueni kwamba mwanamke aliyewahi kuolewa haozwi mpaka aseme mwenyewe kwa ulimi wake. Khansa binti Khidam aliozwa na baba yake bila kupenda, naye alikuwa amewahi kuolewa, Mtume akaivunja ndoa ile. Na walii akimzuia mtu wake kwa mchumba anayefaa, katika madhehebu yetu ya Shafi, kadhi anaweza kumwoza.

3. MAMBO YA KUANGALIA KABLA

Kwanza, eda. Aliyeachwa anangoja tohara tatu. Aliyekatika hedhi anangoja miezi mitatu. Aliye katika eda ya talaka rejea bado ni mke wa mtu: asiposwe hata kwa mafumbo.

Pili, uliza habari. Fatima binti Qais alipoachwa alikuja kwa Mtume kutaka shauri juu ya waliomposa. Mtume akamwambia wazi kasoro za wawili, akamwelekeza kwa Usama, naye akaona kheri. Mji wetu ni wa wapitaji. Mtu anatoka Bukavu, Shabunda au Uvira, anasema hana bibi. Tuma watu wakaulize huko kwao.

Tatu, afya. Pimeni ukimwi wote wawili. Tena tusisahau kwamba aina mpya ya mpox ilianza kujulikana hapa hapa Kamituga mwaka 2023, na ilienea sana kwa kukutana kimwili. Kupima si kumdharau mwenzako.

Nne, karatasi. Sheria ya familia ya nchi yetu, ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inataka ndoa iandikwe etasivili, na talaka ipite mahakamani. Mama aliyeandikwa etasivili kisha akapewa talaka ya mdomo tu, kwa serikali bado ni mke wa yule wa kwanza. Amalize jambo hilo kwanza, asije akanyimwa haki yake na watoto wake.

Tano, msifiche. Kuandikiana meseji usiku kucha na kukutana chobingo si uchumba. Mlango wa halali ni mpana, piteni mchana.

4. MKIISHA KUOANA

Msiishi kama wazee wawili wanaongoja jeneza. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha, akashindwa. Baada ya muda, Bi Aisha amenenepa, wakashindana tena, Mtume akashinda, akamtania kwamba hii ni kwa ile. Imo katika Abu Daud. Cheka na mwenzako, mwite jina zuri, na usimpime kila siku kwa yule aliyepita.

Na ninyi watoto wakubwa, mama yenu amewalea. Msimnyime mtu wa kuzungumza naye baada ya Isha.

Ee Mwenyezi Mungu, wape wenzi wema wasio na wenzi, ziunganishe nyumba zetu kwa mapenzi na huruma, na utuondolee kiburi sisi mawalii. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini. Ukimaliza kusoma mpe mwenzako.)