Pumzi Fupi Katika Foleni ya Mpakani

Mwenye pumu, au mwenye mapafu yaliyobaki na makovu ya kifua kikuu cha zamani, huweza kupungukiwa pumzi ghafla akiwa katika foleni ya ukaguzi. Hofu huiharakisha pumzi. Pumzi za haraka hubakiza hewa iliyotumika mapafuni, hewa safi ikakosa nafasi, na hofu ikazidi. Machoni pa askari, jasho na ukimya wake hushabihi dalili za mtu mwenye kuficha jambo. Basi asijilazimishe kujibu maswali: ainue mkono, aguse kifua.

Kisha aketi, ainame mbele kidogo, viwiko magotini, mabega yakilegea. Avute hewa puani kwa hesabu ya 2, aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama apozaye uji, kwa hesabu ya 4. Dawa ya kuvuta ikae mfukoni, si katika mizigo iliyofungwa juu ya basi (wengi huiacha huko). Majirani wasimzonge wala wasimlaze chali. Midomo ikigeuka kijivu au buluu, au akishindwa kumaliza sentensi, mwiteni askari aliye karibu mara moja. Hati zitakaguliwa baadaye.