Kuhamia Mtaa Wenye Sifa Mbili

Amma baad. Katika mambo yanayomtaabisha mwenye watu wa kuwaangalia, kuhama ni moja. Nguo ikinunuliwa ikawa haifai, hupewa mwingine. Na chakula kikiharibika hutupwa. Lakini mtaa ukishahamiwa huingia katika adabu za watoto, na amani ya mke, na mfuko wa mume, wala hautoki upesi. Kwa hivyo yapasa jambo hili lipimwe kwa mizani, lisipimwe kwa hamu wala kwa khofu.

Mfano wa somo hili ni mji wa Mombasa. Mji wa Kale ni mdogo, na watu wake huzaana. Nyumba aliyoijenga babu hurithiwa na wajukuu, kila mmoja akapata chumba au fungu la chumba. Mwenye wana wa kiume na wa kike waliokwisha baleghe hana pa kuwatenga, naye hulazimika kutazama ng'ambo ya maji. Tangu lilipowekwa daraja la kwanza la kuelea la Nyali mwaka 1931, na zaidi tangu lilipofunguliwa daraja la sasa mwaka 1980, watu wengi wa kisiwani wamevuka kwenda bara ya kaskazini kutafuta nafasi.

Basi mtu huyo akitaja Kisauni, husikia kauli mbili. Mmoja humwambia: "Huko usende, vijana wa mapanga watakumaliza." Wa pili humwambia: "Mimi nakaa huko miaka mingi, na wanangu wamesoma huko, wala sijaona baya." Na yamkini wote wawili ni wakweli. Huyu atafanyaje?

1. Jina la mtaa ni khabari

Kwanza yapasa ifahamike ya kwamba sifa ya mtaa, njema au mbaya, ni khabari, na khabari hukubaliwa baada ya kuhakikishwa. Katika Surat al-Hujurat Waislamu wameamrishwa kuichunguza khabari wasije wakawadhuru watu kwa kutojua. Na katika sura hiyo hiyo wamekatazwa dhana mbaya na kusengenyana. Mwenye kuutukana mtaa mzima kwa neno alilolisikia barazani ameingia katika yote hayo.

Na khabari hii ni pana mno. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, kaunti ndogo ya Kisauni ilikuwa na watu 291,930, na Mvita, ambayo ndani yake umo Mji wa Kale, ilikuwa na watu 154,171. Ndani ya jina moja la Kisauni mna Mjambere, na Junda, na Magogoni, na Mtopanga, na Bamburi penye kiwanda cha simiti, na Shanzu penye mahoteli ya pwani, na Mwakirunge penye mashamba. Mwenye kusema "Kisauni ni kubaya" amewahukumu watu karibu laki tatu kwa neno moja. Na mwenye kusema "Kisauni ni kuzuri" naye amewadhamini wote hao. Hapana mtu akaaye katika jina. Mtu hukaa katika kichochoro, na mlango wake hutazamana na milango mitatu au minne.

Jina nalo hutegemea aliyelitoa alisimama wapi. Huko Unguja, upande wa mashariki wa Mji Mkongwe uliitwa Ng'ambo, kwa sababu walioupa jina walikuwa upande wa pili wa mkono wa bahari. Wakatazama mapaa ya makuti, wakaona ni makao ya mafakiri na watumwa. Leo mkono ule wa bahari umefukiwa, na Ng'ambo imekuwa ndiyo sehemu kubwa ya mji. Hali ya watu ilibadilika, na jina lilibaki.

Walakini haifai kuikanusha khatari. Wahenga wamesema: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwamba makundi ya vijana wenye mapanga yamejeruhi watu na kuwanyang'anya katika baadhi ya vichochoro vya Kisauni, hilo ni jambo lililotokea zaidi ya mara moja, na walioumia ni watu wa huko wenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Mwenye kuficha hayo ili auze nyumba yake ni mdanganyifu.

Kujihadhari na khatari si upungufu wa imani. Zilipofika khabari za tauni ya Amwas, iliyouwa watu wengi katika Sham mwaka wa 18 wa Hijra, Sayyidna Umar alikuwa amekwisha kufika Sargh. Hakuingia kwa ushujaa wala hakurudi kwa fazaa, bali alitaka shauri: aliwauliza Muhajirina wakakhitalifiana, akawauliza Ansari wakakhitalifiana, kisha akawauliza wazee wa Kikureshi wakaafikiana kuwa arudi. Abu Ubayda alipomhoji kama anaikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kwa mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka katika bonde lenye pande mbili, moja ya majani na moja kavu: popote atakapochunga, amechunga kwa kadari ya Mungu. Baadaye akaja Abdurrahman bin Auf na hadithi ya Mtume iliyoafikiana na shauri lile. Mtaa wenye wezi si mji wenye tauni, lakini njia ya kuamua ni ile ile: sikia, uliza watu wa namna mbali mbali, kisha chagua upande wa bonde.

2. Kuuliza jirani si kusengenya

Wako watu wacha Mungu waonao haya kuuliza khabari za watu watakaokaa nao, wakichelea kuingia katika kusengenya. Imamu an-Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 wa Hijra, ameeleza mambo sita ambayo kwayo huruhusiwa kumtaja mtu kwa aibu yake, na moja katika hayo ni nasaha: kama mtu akitakiwa shauri juu ya kuoza, au kushirikiana katika mali, au kukaa ujirani. Basi aulizaye kwa nia ya kuhamia hana makosa, na aulizwaye imempasa aseme kweli kwa kadiri ya haja, asizidishe.

Lakini aulizwe ajuaye. Imesimuliwa kuwa mtu mmoja alimsifu mwingine mbele ya Sayyidna Umar, naye akamuuliza: je, umekuwa jirani yake, au umesafiri naye, au mmeamiliana kwa fedha? Aliposema hapana, Umar alimjulisha ya kwamba hamjui mtu huyo. Labda amemwona tu msikitini. Kwa mizani hii, ushahidi juu ya Kisauni wa mtu asiyepata kulala huko ni mwepesi. Mwenye ushahidi mzito ni mwenye duka afungaye usiku, na mwalimu wa madrasa ajuaye ni watoto gani walioacha kuja, na mwanamke ashindaye mtaani mchana kutwa, na mtu aliyehama kutoka huko. Huyu wa mwisho watu humsahau, naye ndiye ajuaye ubaya usioonekana na mgeni. Wala asiulizwe, "Huko ni kuzuri?" Na aulizwe, "Wewe uliondokaje?"

3. Yatazamwayo kwa macho

Mwenye kutaka kuhamia asende mara moja siku ya mapumziko akaonyeshwa nyumba na dalali. Na ende mara tatu au nne: alfajiri, na adhuhuri, na baada ya isha. Na aitembee kwa miguu njia itokayo kituo cha matatu hata mlangoni, maana hiyo ndiyo njia atakayoipita binti yake atokapo chuoni jua likichwa. Na atazame taa, na vichaka, na nyumba zilizoachwa bila watu. Na aulize maji huja siku ngapi kwa juma, na yasipokuja hununuliwa kwa bei gani kwa mtungi. Kwani kodi nyepesi yenye maji ya kununua huenda ikawa nzito kuliko ile ya mjini. Na ahesabu nauli ya kwenda na kurudi ya kila mtu aliye na shughuli kisiwani, na msongamano wa darajani asubuhi.

Lakini liko jambo moja lililo kubwa kuliko hayo yote, na ndilo kiini cha somo hili. Na aulize: hapa mtu mzima akimwona mtoto wa jirani katika makosa, humkanya? Na akimkanya, baba wa mtoto humshukuru au humjia juu? Mtaa ambao watu wazima wake wajua watoto ni wa nani, na hukanyana, una ngome hata ukiwa na jina baya. Na mtaa ambao kila mtu hufunga mlango wake akasema, "Si wangu," hauna ngome hata ukiwa na jina zuri na kuta ndefu. Vijana wa mapanga hawakushuka kutoka mbinguni. Ni wana wa watu, na walianza kwa kukosa shule na kazi, kisha wakakosa wa kuwakanya. Mkono mmoja haulei mwana.

4. Nyumba na ardhi yake

Wako waliohamia mtaa wenye amani wakapata khasara kwa sababu ya ardhi. Pwani ina ada ya zamani ya nyumba bila ardhi: mwenye jengo ni mtu mmoja, na mwenye ardhi ni mwingine, naye hulipwa kodi ya ardhi. Mizozo ya jambo hili si mipya. Huko Ng'ambo ya Unguja wakaazi waligoma kulipa kodi hiyo mwaka 1928. Katika bara ya Mombasa, ambako uandikishaji wa ardhi ulianza kwa sheria ya mwaka 1908, ziko sehemu ambazo watu wamejenga na kuzaa na kuzikana, hali hati ina jina la mtu mwingine.

Basi mnunuzi na afahamu anunuacho. Akinunua jengo tu, hajanunua kiwanja. Na kabla ya kutoa hata shilingi moja, na atake katika afisi ya ardhi uchunguzi rasmi wa hati, ajue mwenyewe ni nani, na kama pana rehani au zuio la mahakama. Asitegemee kuwa ugomvi ukitokea atakwenda kwa kadhi: kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, mahakama ya kadhi huhukumu mambo ya ndoa, na talaka, na mirathi, na hali ya mtu baina ya Waislamu, na mizozo ya kununua ardhi ina mahakama yake.

Na lililo salama ni kupanga kwanza mwaka mmoja, upite na masika yake, ndipo anunue. Aliyepanga akiona ubaya hubeba vyombo vyake. Aliyenunua hubeba deni. Wala asiuze fungu lake la urithi mjini kabla ya mwaka huo kwisha. Usiache mbachao kwa msala upitao.

5. Mashauri ya nyumbani

Wako wanaume waamuao kuhama kama waamuavyo kununua kofia, kisha huja na gari la mizigo. Hili si jema. Katika Surat al-Baqara, aya ya 233, yametajwa mashauri ya mume na mke hata katika kumwachisha mtoto ziwa. Ikiwa ziwa lina shauri, basi nyumba nzima je? Mume huondoka asubuhi na kurudi usiku. Aukaaye mtaa ni mke. Yeye ndiye atakayejua nani wa kumwachia ufunguo, na nani wa kumwita mtoto akipata homa usiku na baba hayupo.

Na mama mzee aachwaye mjini, ni nani atakayemtazama? Fimbo ya mbali haiuwi nyoka. Na mtoto wa kiume wa miaka kumi na mitatu, atakayekatwa na rafiki zake na mwalimu wake, atatafuta wengine. Je, watakuwa ni nani? Ikiwa maswali haya hayana majibu, basi kubaki katika dhiki ya chumba ni kheri kuliko upana usio na mtu. Na ikiwa yana majibu, asizuiliwe na maneno ya barazani.

6. Baada ya kuhamia

Kosa kubwa la wahamiaji huja baada ya kuhama. Mtu hulala Kisauni na huishi Mji wa Kale. Baraza yake ni ile ya zamani, na msikiti wake ule ule, na jioni zake hupita huko. Hurudi usiku kulala, wala hajui jina la jirani wa tatu. Watoto wake, wao, wako mtaani tangu alasiri hata isha, katika mikono ya watu ambao baba yao hakuwasalimu. Siku mwanawe akionekana na kundi baya, hapana atakayekuja kumwambia, kwa sababu hapana amjuaye. Huyu atasema mtaa umemharibia mwana. Kwa hakika mtaa haukuwa na baba.

Kwa hivyo, mwenye kuhamia na ahamie kweli. Na aswali walau isha katika msikiti wa hapo, azike pamoja nao, ahudhurie arusi zao, awasalimu vijana wa pembeni kwa majina yao, na awape majirani ruhusa kwa ulimi wake: "Mkimwona wangu katika makosa, mkanyeni." Neno hili halina bei, nalo hulinda kuliko kufuli. Na akiwa hawezi kulisema, au akihisi moyoni kuwa hao si watu wa kuambiwa neno hilo, basi hiyo ndiyo alama ya kwamba mtaa huo si wake, na arudi kutafuta pengine bila ya kumtukana mtu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.