Mkaja na Nyonga ya Mama Mzazi

Mama amejifungua salama, lakini siku ya pili akigeuka kitandani anashika kinena na kulia. Akisimama, anatembea kama bata. Baba, hapa Waa au kwingineko, asidhani mkewe anadeka.

Mifupa ya nyonga huungana mbele, kwenye kinena, kwa gegedu. Kwa kawaida nafasi iliyopo ni milimita 4 hadi 5. Wakati wa mimba homoni hukilegeza kiungo hicho, nayo nafasi huongezeka milimita 2 au 3 ili mtoto apate njia. Mtoto akiwa mkubwa, uchungu ukienda kasi mno, au mapaja yakitanuliwa kwa nguvu, kiungo huweza kuachana kupita sentimita 1. Kule Ireland, kati ya miaka ya 1940 na 1980, madaktari walikikata kwa makusudi ili kupanua njia. Baadhi ya akina mama hao walitembea kwa maumivu miaka mingi, na mwaka 2014 serikali ilianzisha mpango wa kuwalipa fidia. Basi si jambo la kuchekwa.

Kiungo kikiachana chenyewe, wengi hupona kwa wiki 6 hadi 12, wengine miezi kadhaa. Wazee wetu wa pwani walituachia mkaja, ila mkaja wa tumboni haukishiki kiungo hiki. Leso ishuke, izunguke nyonga pale mapaja yanapoungana na kiuno, ibane bila kumtia ganzi. Alale ubavu, mto katikati ya magoti, na akigeuka magoti yaandamane. Kitanda cha kamba kilicholegea kitamtesa. Kwenda kliniki asipande bodaboda kwa kutanua miguu, heri tuktuk. Ndoo ya maji aichukue baba, hata majirani wakimtazama.

Maumivu yakizidi, hospitali ya rufaa ya Msambweni haiko mbali: atapigwa picha na kufundishwa mazoezi. Asichelewe akiwa na homa, mkojo ukikataa au ukimtoka ovyo, mguu mmoja ukivimba, au akishindwa kusimama.

Tendo la ndoa lisubiri. Mke anayebana mapaja kwa maumivu hajamkataa mumewe. Atakapotembea na kugeuka bila kuumia, waanze taratibu, wamelala ubavu, na mume aulize kwanza.

Mimba nyingine ikija, mkunga aambiwe mapema. Maumivu huweza kurudi, lakini si lazima mama apasuliwe; anaweza kuzaa akiwa amelala ubavu.