Vidokezo 7 vya Kuchagua Samaki wa Tangi Dogo la Maji ya Chumvi

Samaki wa kwenye matumbawe ni warembo, lakini wengi wao hawapendi kuingiliwa makao. Baharini anayefukuzwa hujificha kwenye mwamba mwingine. Ndani ya tangi la lita 100 hana pa kwenda. Basi, kabla rangi hazijakuteka dukani, zingatia haya.

1. Uliza atakua kiasi gani. Kangaja wa buluu, yule Dory wa filamu ya Finding Nemo (2003), huuzwa akiwa na urefu wa kidole. Akikomaa hukaribia sentimita 30, na kutwa nzima yuko mwendoni. Huyo mwachie mwenye tangi kubwa.

2. Wasizidi watatu au wanne. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika maji machache sumu hiyo hupanda upesi. Tangi jipya lipe wiki nne hadi sita bakteria wanaoivunja waongezeke, kisha upime maji kabla ya kuingiza samaki wa kwanza.

3. Anza na klauni. Ndiye Nemo mwenyewe: mvumilivu, hachagui chakula, na si lazima awe na anemoni. Chukua wawili wa aina moja, mmoja mkubwa kuliko mwenzake. Klauni wote huanza maisha wakiwa madume. Anayetawala hugeuka jike, na ugomvi hupungua. Usichanganye aina mbili za klauni.

4. Wagawie nafasi. Klauni hukaa katikati ya maji, kwa hiyo mtafutie mwenzake wa chini. Gobi mlinzi anafaa sana, hasa akiishi na kamba mchimbaji: kamba, asiyeona vizuri, huchimba shimo, na gobi hukaa mlangoni kumwonya hatari ikija. Funika tangi kwa wavu, maana gobi wengi huruka nje wakishtuka.

5. Mkorofi aingie mwisho. Damseli ni rahisi kwa bei na hafi ovyo, ila akishajimilikisha tangi, kila mgeni atakiona cha moto. Tanguliza wapole. Ukiongeza mgeni, panga mawe upya ili wenyeji nao waanze kutafuta makao.

6. Chunguza mdomo na mlo. Chewa mdogo anapendeza, lakini mwenzake yeyote anayeenea mdomoni mwake ni kitoweo. Mandarini naye ni mpole mno, ila hutegemea vijidudu hai vinavyotambaa kwenye mawe. Katika tangi dogo na jipya huvimaliza, akafa njaa.

7. Mwone akila kabla hujalipa. Mwombe muuzaji amlishe mbele yako. Mkatae anayehema kwa kasi, aliyekunja mapezi au mwenye madoa meupe kama chembe za chumvi. Ukifika nyumbani, mtenge kwenye chombo chake kwa takriban wiki nne, kwani mmoja mgonjwa huambukiza tangi zima.

Ukimtilia samaki shaka, mwache dukani ukasome habari zake kwanza. Klauni wawili na gobi mmoja wenye afya wanatosha kabisa kulipamba tangi dogo.