Vidole vilivyoshikana si kosa la bata

SWALI: Daktari, nauza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mwanangu wa miezi minne amezaliwa kidole cha kati na cha pete vimeshikana. Wenzangu wanasema nilikula bata nikiwa mjamzito. Mmoja ananishauri nivifunge uzi vitaachana. Nifanyeje?

JIBU: Mama, hongera. Bata msamehe, uzi utupe: unazuia damu na kidole kinaweza kufa.

Wiki ya 6 tangu mimba itungwe, mkono wa mtoto huwa bapa kama kasia. Mifupa laini ya vidole inajichora ndani, katikati yake pamejaa nyama. Kisha seli za nyama hiyo hujiua. Haziozi wala hakuna kidonda. Kila moja hujivunjavunja kwa utaratibu, na mabaki yake humezwa. Kufikia wiki ya 8 vidole vimeachana. Kifo hicho kilipewa jina la apoptosisi mwaka 1972. Kisipokamilika, vidole hubaki vimeshikana, na mara nyingi ni hivyo hivyo viwili ulivyotaja. Bata ana ngozi kati ya vidole kwa sababu seli zake za hapo hukingwa zisife, ila hilo haliambukizwi kwa mchuzi!

Maungio ya vidole yana habari yake. Zamani ilidhaniwa nafasi kati ya mfupa na mfupa huachwa na seli zilizokufa. Siku hizi inaonekana mchango wa kifo hapo ni mdogo. Kinachofungua zaidi ni ute wa seli zenyewe na mtoto kuchezacheza tumboni. Vifaranga waliopoozwa misuli ndani ya yai, maungio yao yaligandana. Kwa kuwa maungio ya mwanao nayo yanaweza kuwa yamegandana, mkunje taratibu kila pingili. Ukikuta isiyokunjika, usiikande, mwambie daktari.

Anzia kliniki ya watoto, uombe rufaa ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) au CCBRT, Msasani. Eksirei itaonyesha kama ni ngozi tu au na mifupa. Kwa vidole vya katikati, upasuaji mara nyingi hufanywa mtoto akiwa na mwaka 1 hadi 2, kwa hiyo hujachelewa. Ingekuwa gumba au kidole cha mwisho, ungetakiwa kuwahi zaidi, maana kirefu huvutwa kikapinda.

Siku ya kliniki, mtajie daktari ndugu yeyote wa upande wako au wa baba mwenye vidole vya namna hiyo. Katika baadhi ya familia hali hii hurithiwa.