Somo la leo: Soma utabiri wa mvua kabla hujamwahidi mteja siku

Mimi nauza mchele wa Kamsamba kwa WhatsApp, wateja wangu wengi wako Tunduma. Kuna mwaka, mwezi wa pili, dada mmoja aliagiza kilo 100 za harusi ya Jumamosi, hela akalipa yote. Utabiri ulishasema wiki ile ni ya mvua. Jumatatu nikatazama juu, jua kali, nikasema nitatuma Alhamisi. Jumatano usiku ikashuka. Gari lilikwama njiani siku mbili, mchele ukalowa, harusi ikapita. Nilirudisha hela yote, na yule dada hajaagiza tena.

Tangu hapo najipanga hivi:

1. Angalia njia nzima, siyo juu ya paa lako. Kamsamba tuko bondeni, Tunduma iko juu kwenye baridi. Utabiri wa Tunduma siyo wa Kamsamba. Halafu mto Momba unajazwa na mvua za huko juu, kwako panaweza kuwa pakavu na mto umefura. Mimi naangalia sehemu tatu: hapa, njiani, na anapopokelea mteja.

2. Jua maneno yao. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wakisema "mvua kubwa" wanamaanisha zaidi ya milimita 50 ndani ya saa 24. Rangi ya njano ni angalizo, ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Simu ikiandika asilimia 70, huo ni uwezekano wa mvua kunyesha, haisemi itanyesha kiasi gani wala saa ngapi.

3. Panga oda kwa siku. Oda zenye tarehe, kama harusi na kipaimara, zitoke siku kavu za mwanzo hata kama mteja hajaharakisha. Siku ya angalizo natuma mzigo mdogo usio na haraka. Siku ya tahadhari situmi kitu, napiga picha za bidhaa na kupokea oda mpya.

4. Mwambie mteja mapema. Mimi naandika hivi: "Habari dada. Wiki hii kuna mvua kubwa kuanzia Jumatano. Naomba nikutumie mzigo kesho Jumanne, au tusubiri wiki ijayo. Unapenda lipi?" Mteja akichagua mwenyewe, hata ukichelewa hatakuona tapeli.

5. Funga vizuri. Nailoni ndani, kiroba nje. Mwambie konda mzigo usikae kwenye keria bila turubai. Na chaji simu mapema, mvua ikianza umeme nao huwa unaaga.

Najua kuna atakayesema utabiri unakosea. Ndiyo, unakosea. Lakini piga hesabu: ukituma mapema na mvua isinyeshe, mteja kapata mzigo wake mapema, hujapoteza kitu. Ukisubiri na ikanyesha, unapoteza mzigo, hela na mteja.

Zoezi la leo: fungua daftari lako la oda, weka alama kwenye kila oda yenye tarehe wiki hii, kisha fungua utabiri wa siku tano. Ambayo siku yake imeangukia kwenye mvua, mpigie mteja leo hii. Usisubiri wingu.